Saa za Kawaida

Taarifa ya kifo cha Rashidi ilinifikia kwenye kundi la simu ambalo huwa nalisoma mara moja kwa wiki, tena nikiwa nimechoshwa na mengine yote. Ilikuwa imebanwa katikati ya mtu anayeuza vitenge na mwingine anayeombea wagonjwa: Rashidi, yule wa mradi wa maji, amefariki, amezikwa jana. Nilisoma, nikaweka simu mezani, nikaendelea kumenya ndizi. Wiki nzima sikwenda. Nilijiambia goti linauma, na kweli linauma, lakini goti halijawahi kunizuia kwenda msibani. Kilichonizuia ni neno moja nililolisema nikiwa na miaka ishirini na minne, katika chumba cha ghorofa ya pili kinachotazama Mnazi Mmoja. Sasa nimestaafu. Maisha yangu yote nimetengeneza ramani kwa kompyuta, na vijana niliowafundisha walikuwa wakiniita Mama Metadata, kwa sababu sikupokea faili ya mtu isiyokuja na maelezo yake: nani alipima, lini, kwa kifaa gani, na namba zilizomo zina maana gani. Walidhani ni ukali wa uzee, au ni mambo niliyoyatoa kwenye kozi za nje. Niliwaacha wadhani hivyo, maana ukweli ulikuwa wa aibu na mimi sikuwa na nguvu ya kuusimulia.

Mwaka ule nauita mwaka wa ruksa na bahasha. Ruksa, kwa sababu ghafla madukani kulijaa kila kitu, sabuni za rangi, redio, saa za mkononi za plastiki, na kule Mchikichini viatu vya mitumba vilimwagwa chini asubuhi watu wakavirukia. Bahasha, kwa sababu katika ofisi za umma kila mwezi mtu aliitwa, akakabidhiwa bahasha, akarudi mezani kukusanya kalamu zake. Kupunguzwa, ndivyo tulivyosema, kama vile watu ni nywele. Wafanyakazi walipokutana ngazini walisalimiana "Bado upo?" kabla ya kuulizana habari za nyumbani. Mimi nilikuwa na mkataba wa miezi sita katika mradi wa kuchora ramani ya maji ya Kariakoo, mradi wa wafadhili, na mkataba huo niliubeba kichwani kama ndoo iliyojaa, siinami wala sigeuki.

Ofisi yetu ilikuwa juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindu. Asubuhi ulipanda ngazi na harufu ya ubani wao na ya kanga mpya, na mchana kutwa ulisikia mkasi ukipasua kitambaa na sauti ya mama mwenye duka akibishana na wateja kwa Kiswahili chepesi kuliko changu. Tulikuwa na vyumba viwili. Cha kwanza kilikuwa cha watu: feni moja mbovu, makabati ya chuma, madirisha yaliyoingiza vumbi na kelele. Cha pili kilikuwa cha kompyuta. Hizo kompyuta mbili zilikaa bandarini miezi minne kwenye kontena kabla karatasi zake hazijakamilika, na zilipofika zilitunzwa kama mwali wa ndani: kiyoyozi, pazia zito, na sharti la kuvua viatu mlangoni. Kulikuwa pia na meza pana yenye nyaya ndani yake. Ulitandika ramani ya karatasi juu yake, ukafuata mistari kwa kidude chenye kioo, na mtaa ukatokea kwenye skrini. Siku ya kwanza nilipoona mtaa ninaopita kila siku ukitokea pale kwa rangi ya kijani, nilicheka peke yangu. Halafu ukiubonyeza mtaa, lilitokea jedwali: jina, idadi ya mabomba, na saa maji yanapotoka. Huo ndio mfumo wa taarifa za kijiografia, na kwangu ulikuwa muujiza kwa muda wa wiki mbili. Baadaye ikawa ni kazi ya kuingiza namba.

Aliyenichosha zaidi katika chumba kile alikuwa Mzee Jayanti. Alikuwa mchoraji ramani wa zamani, wa wino na karatasi, aliyestaafu na kuitwa na mradi kuja kutukagua. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani mizito kweli, na mchana alifungua chombo chake cha bati cha ghorofa nne, chapati juu, dengu chini, na achari ya embe aliyotugawia kwa kijiko chake mwenyewe. Katika kila ramani aliyowahi kuchora, pembe ya chini, aliandika kwa herufi ndogo habari zake zote, mpaka hali ya hewa ya siku ya kupima. Sasa kompyuta haikuwa na pembe, na jambo hilo lilimnyima raha. Jina la safu ya jedwali lilikubali herufi kumi tu. Safu ya saa ilikubali namba tupu, ukiandika herufi inalia. Kwa hiyo alipiga chapa karatasi ya maswali, akanirudufia nakala hamsini, na akaamuru kila faili iambatane na moja.

"Shikamoo, mzee," ningemwambia asubuhi.

"Marahaba, binti. Karatasi ya jana iko wapi?"

Hakuuliza nimelalaje. Niliona ni uchawi wa mtu aliyepitwa na wakati, anayetaka kuiburuza kompyuta irudi kwenye wino wake.

Rashidi alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Alikuwa mtu wa Newala, mimi wa Masasi, na hiyo ilitosha tuwe ndugu. Nilimwita kaka, na mkewe Somoe, ambaye nilimwona mara mbili au tatu alipomletea chakula, tuliitana wifi. Kazi ya Rashidi ilikuwa kutembea. Upande wa Gerezani wote ulikuwa wake, nyumba kwa nyumba, akiuliza maji yanatoka saa ngapi. Upande wa Jangwani alipewa kijana wa chuo aliyevaa saa ya namba, ile inayohesabu mpaka ishirini na nne. Rashidi hakuwa na saa. Alikuwa na madaftari ya kurasa mia, penseli aliyoifunga shingoni kwa uzi, na miguu yenye vumbi ambayo sharti la kuvua viatu halikuisaidia kitu. Kwa hiyo hakuingia. Alisimama kizingitini, mgongo kwenye joto na uso kwenye baridi, akanisomea.

"Andika, dada. Kwa Bi Mwajuma, bomba moja, saa mbili asubuhi."

Nikaandika mbili.

"Kwa fundi cherehani, bomba moja, linavuja, saa tatu asubuhi. Kuvuja unaandika?"

"Hakuna pa kuandika kuvuja."

"Basi maskini, lina bahati mbaya mpaka kwenye mashine." Akacheka, akafunua ukurasa. Kila mstari wa daftari lake ulikuwa na "asb", yaani asubuhi, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa kuchapwa. Niliuona. Niliusikia kwa masikio yangu pia, wiki sita mfululizo.

Faili ilipokamilika, Injinia Kisamo, bosi wetu, alikuwa ameshapata habari kwamba wafadhili wanakuja wiki inayofuata. Palikuwa patashika. Nilikuwa na karatasi kumi na moja za Mzee Jayanti sijazijaza, na yeye mwenyewe alikuwa anaondoka siku ile kwenda kufanyiwa upasuaji wa macho. Nilizijaza zote kwa dakika ishirini, nimesimama, natafuna karanga. Nani alipima: watumishi wa mradi. Kifaa: daftari. Palipouliza namba za saa zina maana gani, niliandika: saa za kawaida. Mzee alizipokea, akazisogeza karibu kabisa na miwani yake.

"Kawaida ya nani?" akauliza.

"Ya watu wote, mzee."

Aliniangalia, au aliangalia upande niliokuwepo, maana kuona kwenyewe kulikuwa kwa shida. "Nikirudi tutazungumza," akasema, akachukua chombo chake cha bati akashuka ngazi akishika ukuta. Nilifurahi kumwona anaondoka. Kesho yake tulisafisha ofisi kwa ajili ya wageni. Mfagiaji aliniuliza kuhusu lile boksi la madaftari ya Rashidi, nikamwambia yameshaingizwa kwenye kompyuta, chukua. Yakauzwa kwa wauza karanga. Nadhani nilikula baadhi ya hizo karanga, zimefungwa kwenye mwandiko wake.

Sasa nieleze kosa lenyewe, maana liko wazi kiasi kwamba hadi leo linanitia hasira. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Kwa Rashidi na kwa kila aliyemjibu mlangoni, saa mbili asubuhi ni mbili. Kijana wa chuo alisikia saa mbili ileile, akaangalia mkononi, akaandika nane. Zote mbili ni za kawaida. Kompyuta haikujua kwamba kuna kawaida mbili, ikazipanga pamoja katika safu moja, zote kwa kuhesabu kuanzia usiku wa manane, na ikachora ramani nzuri ya rangi: upande wa Jangwani wote njano, maji ya asubuhi, na upande wa Gerezani wote buluu iliyokolea, maji ya saa nane za usiku. Wageni waliipenda sana ile buluu. Injinia Kisamo aliwaeleza kwamba maji yanapotea Gerezani wakati watu wamelala, na kwamba kwa kuwa asubuhi Gerezani haipati maji, basi valvu yake inaweza kufungwa asubuhi bila kumwumiza mtu, msukumo uende kwingine. Wageni wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi. Nilikuwa nimekaa nyuma, nawaza mkataba.

Valvu ilifungwa. Maji yaliyokuwa yakitoka Gerezani saa mbili asubuhi, ambayo ndiyo pekee yaliyokuwepo, yakakoma.

Nilijua kwa njia ya sahani. Tulikuwa tunakula kwa Mama Hadija, kwenye uchochoro wa upande huohuo, wali maharage na tembele kwenye meza ya mbao iliyofunikwa plastiki. Wiki ya kwanza akaacha kuweka maji ya kunywa mezani. Wiki ya pili sahani zikaanza kuja zimefutwa kwa kitambaa badala ya kuoshwa. Nyuma yangu madereva wa malori ya bandarini walikuwa wakilalamika, naye akawajibu bila kugeuka, "Huo wali umepikwa kwa maji ya mkokoteni, baba. Mnataka usafi, nendeni hotelini." Mmoja akasema amesikia ni watu wa kompyuta, wamefunga kwa makusudi, mitaa iuzwe. Mwingine akasema hapana, ni mtu wa mradi aliyepita na daftari akidai anauliza saa, kumbe mpelelezi. Nilimeza tonge na macho yangu yako kwenye plastiki. Siku hiyohiyo Rashidi alikuwa amekaa pembeni yangu, na aliacha sahani yake nusu. Wiki ya tatu mjukuu wa Mama Hadija aliharisha akalazwa. Alipona, namshukuru Mungu, lakini meza ile haikufunguliwa tena.

Watu wa Gerezani walipokuja na ndoo zao tupu hadi chini ya ngazi zetu, Injinia alikwenda mwenyewe mitaani kuuliza. Kila mlango ulimjibu kwamba maji hayajawahi kutoka saa nane za usiku, tangu waanze kuishi pale. Alirudi amevimba. Alituita chumba cha watu, mimi, Rashidi na yule kijana, ile karatasi yangu mkononi mwake.

"Rashidi, hizi saa umezitoa wapi?"

"Kwa wenyewe, Injinia. Nimeandika walivyosema. Saa mbili, saa tatu. Asubuhi."

"Hapa hakuna asubuhi. Hapa pana mbili. Na maelezo yanasema saa za kawaida. Kwenye semina si nilisema mwandike saa inavyosoma?"

"Sina saa, Injinia. Lakini kwenye daftari niliandika asubuhi, mstari kwa mstari. Leteni madaftari yangu."

Madaftari hayakuwepo. Mfagiaji aliitwa, akasema aliruhusiwa, hakusema na nani. Injinia alikuwa ameshapeleka ripoti kwa wafadhili na ramani ile ndani yake, na usoni pake niliona kwamba hatafuti kilichotokea, anatafuta mtu. Akasema kwamba Rashidi alikaa kijiweni akinywa kahawa, akabuni namba, na sasa amebanwa anageuza maneno. Rashidi hakupandisha sauti. Alinigeukia mimi, na nakumbuka alikuwa karibu anatabasamu, kama mtu aliyekumbuka kwamba ufunguo uko mfukoni.

"Dada Sabina yupo. Nilimsomea mwenyewe. Muulizeni."

"Sabina," Injinia akasema, "alikusomea asubuhi?"

Mkataba wangu wa miezi sita ulikuwa unakwisha, na kwenye ule mpya palikuwa pamebaki sahihi moja tu, yake. Kama ningesema ndiyo, swali la pili lingekuwa kwa nini basi sikuandika, na la tatu lingekuwa madaftari. Nilihesabu hayo yote haraka kuliko kompyuta.

"Sikumbuki, Injinia."

Rashidi aliendelea kuniangalia kidogo, lile tabasamu bado halijajua kwamba liondoke. Kisha akavua penseli shingoni, akaiweka juu ya meza taratibu, akatoka. Alipewa bahasha yake siku hiyohiyo, na ndani ya barua waliandika: kughushi takwimu.

Mzee Jayanti alirudi baada ya miezi miwili, jicho moja limefungwa kitambaa. Kwa lile jicho moja alihitaji asubuhi moja tu. Aliweka ramani mbili pamoja, akaona kwamba tofauti kati ya Gerezani na Jangwani ni saa sita kamili kila nyumba, na hakuna anayebuni namba kwa usawa namna hiyo. Hakunikaripia. Alikwenda kwa Injinia, mlango ukafungwa, nami nikasikia kupitia ukuta wa mbao: "Saa zimerekebishwa, mzee wangu, valvu nimefungua, maji yanatoka. Unataka nini tena?" Na sauti ya Jayanti, ndogo: "Namtaka mtu wangu arudi." Hakurudi. Kumrudisha kungehitaji barua nyingine kwa wafadhili. Jioni ile mzee alisimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta akiwa na viatu vyake, hakuvivua, akaniambia, "Injinia akikusikia wewe, atabadili. Mimi nilikuwa hospitali. Wewe ulikuwepo." Nilimwambia nitakwenda kesho. Nilisema kesho mpaka mkataba wake ukaisha, na hakunigawia tena achari.

Kuanzia hapo ndipo nilipokuwa hodari. Nilijaza karatasi zake hamsini, nikarudufu nyingine. Nilipopelekwa kozi na kukuta kwamba jambo hili lina jina, lina vitabu na lina watu wanaolisomea, nililishika kwa juhudi ya mtu anayelipa faini. Kazi yangu ilisifiwa. Kila nilipoandika "saa za Afrika Mashariki, kuhesabu kuanzia usiku wa manane", mkono wangu ulikuwa unamwandikia mtu mmoja, ambaye wakati huohuo alikuwa anauza viatu vya mitumba Mchikichini, na ambaye nilimkwepa kwa kuzunguka mitaa mitatu. Mara moja tulikutana uso kwa uso. Akasema, "Mambo, dada? Bado upo?" kwa utani uleule wa ngazini, nami nikasema nipo, kaka, nina haraka. Ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho. Vijana wakiniletea faili tupu na kuniambia, mama, si inajieleza, huwa nahisi uchovu unaopanda kutoka miguuni. Hakuna namba inayojieleza. Kuna mtu aliyesimama mahali akaambiwa jambo, na kuna mwingine aliyelipokea, na wa pili asipoandika alichokipokea, wa kwanza anageuka kuwa mwongo.

Nilikwenda, mwishowe, siku ya nane. Somoe alikuwa kwenye eda, amekaa juu ya mkeka katika chumba cha ndani, nguo nyeupe, miguu imenyooshwa. Alinitambua mara moja. "Wifi," akasema, "umezeeka," akanipisha upande wa ukutani ili nipate pa kuegemea. Waliniletea uji wa mchele wenye pilipili manga. Wanawake wengine walipotoka kwenda kuswali adhuhuri, tukabaki wawili, na nikamwambia. Nilimwambia yote kwa mpangilio, kama ninavyojaza fomu: kizingiti, madaftari, asb, karanga, saa za kawaida, sikumbuki. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nadhani nilikuwa nimekuja kutukanwa, nirudi nyumbani nimepungukiwa mzigo.

Somoe alisikiliza akisokota upindo wa kanga nyeupe kwenye kidole.

"Kwa hiyo aliandika," akasema.

"Aliandika, wifi. Kila nyumba."

"Alitembea kweli. Hakukaa kijiweni."

"Hakukaa hata siku moja."

Uwani mtu alikuwa anaosha masufuria, maji yakimwagika ovyo. Aliposema tena, hakuwa anasema na mimi.

"Mimi niliamini barua. Ilikuwa na muhuri. Watoto wakirudishwa nyumbani kwa ada ya shule, namwambia, hii ndiyo kahawa yako ya kijiweni. Mwanzo alikuwa akibisha. Ananiambia, mke wangu, niliandika. Namwambia, basi yako wapi? Halafu akaacha kubisha, nikajua nimempata." Akauachia ule upindo, ukajisokotoa wenyewe kwenye kidole. "Nilimwambia hata hospitali, wifi. Mwezi uliopita. Alikuwa haogeshwi mpaka mimi nifike, nimechoka, nikamwambia mvivu wewe, tangu zamani. Akaniitikia ndiyo."